Shajara yako iko kwa nani?

Alishuka Lodwar saa saba mchana, jua likiwa utosini, na kabla hata hajaomba maji aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake.

"Kaka, mtu akiiba simu, maneno yenye ilikuwa mule inaenda wapi?"

Huyu ni rafiki yangu anayeishi kambini Kakuma. Amenikataza kutaja jina lake, kwa hivyo hapa atabaki kuwa "rafiki yangu" tu. Aliletwa Kenya akiwa mtoto kutoka pande za Uvira, Kivu Kusini, ndiyo maana Kiswahili chake kina ladha ya Kongo hadi leo. Tulijuana kwenye kozi ya kompyuta. Mimi nikarudi Lodwar kufungua kasaiba kangu ka kuchapisha makaratasi na kujazia watu fomu za HELB, yeye akabaki Kakuma, kilomita kama 120 kutoka hapa.

Simu yake ilikuwa imechomolewa mkobani sokoni. Simu yenyewe haikuwa ya maana, kioo kilishapasuka na betri ilikuwa inakufa kabla ya jua kutua. Lakini ndani yake alikuwa ameandika shajara kwa miaka mitatu, kwenye app ya bure aliyoipakua siku moja akiwa na bando. Kuingia humo hakukuhitaji nenosiri. Unaweka nambari, unatumiwa kodi, umeingia. Raha mustarehe, mpaka siku laini ikipotea.

Na laini haikuwa kwa jina lake. Ukiishi Kakuma hilo halikushangazi. Kwa miaka mingi wakimbizi wamekuwa wakihangaika kusajili laini kwa stakabadhi zao, na wengi wakaishia kutumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha jirani au rafiki Mkenya. Aliyemsajilia alishahama. Bila yeye, laini hairudishwi, na bila laini, kodi haiji.

Kwa hivyo jibu la swali lake lilikuwa hili: maneno hayajaenda popote. Yako salama kabisa kwenye seva fulani ng'ambo. Ni mwenyewe tu ambaye hawezi kuyafikia.

Tulijaribu. Niliandikia kampuni barua pepe nikitaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo inampa mtu haki ya kupata data inayomhusu. Jibu lilikuja baada ya dakika mbili, la mashine: ili kuthibitisha wewe ni nani, tutatuma kodi kwa nambari yako. Tulicheka, kisha yeye akaacha kucheka.

Utasema ni diary tu, si aandike nyingine? Hapo ndipo lazima uelewe Kakuma. Kambi hiyo ilianzishwa 1992, na kuna watu wamezaliwa humo, wakasoma humo, wakazaa humo. Mtu anayesubiri kuhamishiwa nchi nyingine anaweza kuhojiwa leo, akahojiwa tena baada ya miaka, maswali ni yale yale: ulitoka lini, ulipitia wapi, ulikuwa na nani. Tarehe zikigongana, maswali yanaongezeka. Rafiki yangu alikuwa ameketi na shangazi yake jioni baada ya jioni, akiandika safari yao kutoka Uvira kama shangazi anavyoikumbuka, vijiji, majina, nani aliugua wapi. Shangazi sasa anasahau. Hiyo ndiyo "diary tu" iliyokuwa kwenye ile simu.

Kuna jambo lingine linaloniudhi, niliseme nitulie. Ukisoma makala za kigeni kuhusu Kakuma utakuta sentensi moja inayorudiwa kila mahali: eti "Kakuma" ni neno la Kiswahili lenye maana ya "mahali pasipokuwepo". Wewe unayesoma hapa, umewahi kusikia neno kama hilo kwenye Kiswahili chako? Hakuna. Mtu mmoja aliandika, wengine wakanakili, na sasa mji mzima una maana ambayo hakuna mwenyeji aliyeitoa. Usipoandika mambo yako, ndivyo utakavyoandikwa.

Kwa hivyo tulikaa chini tukasema safari hii tunachagua programu wenyewe, na tunaiweka mahali petu wenyewe. Kwa ufupi, badala ya kuandikia ndani ya app ya kampuni, unachukua programu ya bure, unaiweka kwenye simu yako, kompyuta yako au seva uliyokodi, na maandishi yanakaa hapo. Si hofu ya bure. Kampuni hufunga. Vox, iliyokuwa huduma ya blogu, ilifungwa 2010. Posterous ikanunuliwa na Twitter 2012, mwaka uliofuata ikazimwa. Typepad, iliyokuwepo tangu 2003, ilizima taa Septemba 30, 2025. Na si lazima ifungwe ndipo uumie: Desemba 2023, Evernote iliwawekea watumiaji wa bure mpaka wa noti 50.

Blogu au wiki?

Swali la kwanza lilikuwa hilo. Blogu inapanga maandishi kwa tarehe, ya leo juu, ya jana chini. Kwa shajara inaonekana ndiyo hasa unayotaka. Wiki ni tofauti. Ward Cunningham, Mmarekani, aliianzisha ya kwanza 1995 na akaipa jina la basi dogo la uwanja wa ndege wa Honolulu, kwani "wiki" kwa Kihawaii ni "haraka". Ndani ya wiki kila jambo lina ukurasa wake, na kurasa zinashikana mikono. Ukiandika leo kwamba shangazi ametaja daraja fulani, unaligeuza neno "daraja" kuwa kiungo, na baada ya miezi sita ukilibonyeza unaona kila siku ambayo daraja hilo lilitajwa.

Rafiki yangu alielewa haraka kuliko mimi. "Shangazi hasemi kwa tarehe," aliniambia. "Anasema kwa watu." Basi, nikajua tunaelekea kwenye wiki. Lakini tulianza na blogu, na sababu ilikuwa KANERE.

Kama hujawahi kuisikia, KANERE ni kifupi cha Kakuma News Reflector, gazeti la wakimbizi wenyewe. Toleo la kwanza lilitoka Desemba 2008, likiandikwa na waandishi wa mataifa kadhaa waliokuwa wakiishi kambini, mhariri akiwa Qaabata Boru, mwanahabari kutoka Ethiopia. Hawakuwa na mashine ya kuchapa wala ofisi ya maana. Walifungua blogu ya bure kwenye WordPress.com, wakaandika kuhusu maji, chakula, usalama na mashirika yanayowahudumia, wakati ambapo kupata kompyuta yenye intaneti Kakuma kulikuwa kazi. Baadaye wakapata anwani yao wenyewe. Ukitaka kujua kambi ilikuwaje miaka ile kwa mdomo wa waliokuwa humo, hapo ndipo pa kuanzia.

Kwa hivyo WordPress ilikuwa na heshima yake kwetu. Ila kuna WordPress mbili, na wengi huzichanganya. Ya kwanza ni WordPress.com, huduma ya kampuni: unafungua akaunti, wao wanatunza. Ya pili ni programu yenyewe, bure tangu 2003, unayoichukua na kuiweka kwenye seva yako. Tuliitaka hii ya pili, na mimi, kwa kiherehere, nikasema nina seva.

Seva yangu ilikuwa Raspberry Pi, kale kakompyuta kadogo kanakotoshana na kadi ya ATM, niliyoinunua kwa mkono wa pili Nairobi. Inakula umeme kidogo sana, nikajua ni dawa ya Lodwar. Sikuwa nimefikiria joto. Chipu yake ikifikia nyuzi 80 inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na ndani ya kasaiba kenye paa la mabati, mwezi wa pili, haihitaji kusukumwa sana. Niliielekezea feni. Wateja wakalalamika kwamba kompyuta inapewa hewa kuliko wao.

Kilichotuua si joto lakini. Ni umeme. Siku moja ya Jumanne ulikatika mara tatu, na mara ya tatu Pi ilikataa kuamka. Kadi ya memori ilikuwa imeharibika katikati ya kuandika. Nilichukua kadi hiyo, nikaifungua kwa kompyuta nyingine, na hapo nikajifunza jambo ambalo hakuna mtu alikuwa ameniambia. WordPress huweka picha zako kwenye folda kama kawaida, lakini maneno yako huyaweka ndani ya hifadhidata, yaani faili kubwa zinazosomeka na programu maalumu tu. Picha zote nilizipata. Hifadhidata ilikuwa imevunjika. Wiki tatu za maandishi ya rafiki yangu, yale aliyokuwa ameanza kuyakumbuka upya, zikaenda.

Nilimpigia simu kumwambia. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Sasa hata wewe ni kama ile kampuni." Iliniuma kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nimehamisha shajara yake kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine, na sikuwa nimeweka hata nakala moja kwenye flashi. Msee wa kompyuta mzima!

Maneno ya kawaida kwenye faili za kawaida

Baada ya hapo nilibadilisha namna ya kuchagua. Niliacha kuuliza programu ina nini, nikaanza kuuliza: ikifa, nabaki na nini mkononi?

MediaWiki ilianguka mtihani huo mapema. Ndiyo inayoendesha Wikipedia, na ni hodari, lakini nayo inategemea hifadhidata, na waundaji wake wenyewe wanaonya kwamba haikutengenezwa kuficha kurasa. Ilitengenezwa ili dunia nzima isome. Shajara haitaki hivyo. Ghost niliitazama dakika kumi, ni nzuri kwa mtu anayetaka kuuza jarida kwa barua pepe.

DokuWiki ndiyo iliyonifungua macho. Mjerumani Andreas Gohr aliianza 2004, na haina hifadhidata kabisa. Kila ukurasa ni faili ya maandishi matupu, ile unayoweza kuifungua hata kwa programu ya noti ya simu ya kichuguu. Matoleo ya zamani ya kila ukurasa yanawekwa kwenye folda nyingine, kwa hivyo ukifuta kitu kwa hasira saa sita usiku, asubuhi unakirudisha. Kadi ikiharibika unapoteza kurasa zilizogongwa, zingine unazikuta zimekaa. Unaweza pia kuweka nani anasoma ukurasa gani. Nilipata hata njia ya kuiendesha kwenye simu kuukuu ya Android kwa kutumia Termux, programu inayokupa mazingira ya Linux ndani ya simu. Simu kuukuu ina kitu ambacho Pi haina: betri yake. Umeme ukikatika, haijui. Ukiwasha hotispoti, mtu aliye karibu anafungua wiki kwa kivinjari chake bila kutumia bando hata kidogo. Mimi ndiyo ninayotumia hadi leo, kwa shajara yangu na kwa hesabu za madeni ya saiba.

Onyo moja kwa wanaodhani simu hiyo itaonekana kutoka Nairobi au Kampala. Haitaonekana. Laini za simu kwa kawaida hazikupi anwani yako peke yako kwenye intaneti, mnashiriki wengi, na mtu wa nje hana mlango wa kuingilia. Ukitaka kufikika kila mahali, kodi seva, na ukitaka jina lako mwenyewe kuna anwani za me.ke zilizotengwa kwa watu binafsi. Lakini hizo hulipiwa kila mwaka, na mwaka ambao hela hakuna, jina linaondoka. Kwa mtu wa Kakuma hilo ni swali zito. Machi 2021 serikali ilitoa siku 14 kwa UNHCR kueleza mpango wa kufunga Dadaab na Kakuma. Kambi hazikufungwa, lakini waliokuwepo wanakumbuka walilalaje wiki zile. Mtu asiyejua atakuwa wapi mwaka ujao hawezi kuweka kumbukumbu zake kwenye kitu cha kulipiwa kila Januari.

Nilimpelekea rafiki yangu habari za DokuWiki nikiwa na furaha. Alisikiliza, kisha akauliza, "Na mimi ni nani ataniwekea hiyo simu kuukuu? Nina moja, na tunaitumia watu wanne."

Hapo ndipo penyewe. Mimi nilikuwa nafikiria wezi na seva, yeye anafikiria binamu zake. Simu mpya ya nyumbani ni ya familia, inachajiwa kwa jirani mwenye sola, na kila mtu anaijua namba ya kuifungua. Ndani ya shajara yake kuna mambo ya shangazi, na kuna mengine ambayo shangazi hapaswi kuyaona.

TiddlyWiki ikatuokoa. Mwingereza Jeremy Ruston aliitoa 2004, na wazo lake ni la ajabu kidogo: wiki nzima, programu pamoja na maandishi yako yote, ni faili moja ya HTML. Ikiwa tupu uzito wake ni kama wa picha moja ya simu. Unaifungua kwa kivinjari, hata bila mtandao. Ina kitufe cha kufungua ukurasa mpya wa shajara wenye tarehe ya leo. Ina viungo vya wiki, kwa hivyo shangazi anaweza kuendelea kusimulia kwa watu badala ya tarehe. Na unaweza kuifunga kwa nenosiri, ikageuka kuwa herufi zisizosomeka kwa yeyote asiye na ufunguo. Faili inakaa kwenye kadi ya memori, na kadi inaingia kwenye pindo la leso.

Haikosi kasoro, na nitaitaja kwa sababu ilitusumbua. Kivinjari hakiruhusu ukurasa ujihifadhi wenyewe juu ya faili ile ile. Kinachofanya ni kupakua nakala mpya kila unapohifadhi. Baada ya wiki moja alikuwa na nakala kumi na nne, na siku moja akafungua ya zamani, akaandika humo, akachanganyikiwa ipi ni ipi. Dawa tuliyopata ni app ndogo ya Android inayoitwa Tiddloid, inayofungua faili na kuihifadhi mahali pale pale. Kasoro ya pili ni ya nenosiri. Hakuna sehemu ya "umesahau?" Ukilisahau, wewe na mwizi mko sawa.

Tulibishana kuhusu hilo. Mimi nilitaka aandike nenosiri kwenye karatasi aifiche. Yeye akakataa katakata. Nikamkumbusha kwamba hata Lodwar hii ina historia ya watu waliowekwa chini ya macho: Jomo Kenyatta aliletwa hapa 1959 baada ya kifungo cha Lokitaung, na barua za wafungwa wa kisiasa enzi zile zilikuwa zikisomwa na wakubwa kabla hazijatoka. Na bado kuna waliofaulu. Gakaara wa Wanjau, aliyekamatwa Oktoba 1952, aliandika shajara akiwa kizuizini, akaitunza, ikachapishwa kwa Kikuyu 1983 na kutwaa Tuzo ya Noma mwaka uliofuata pamoja na kitabu cha Njabulo Ndebele. Nilidhani nimeshinda hoja: kumbe maandishi ya kalamu yanadumu! Akanijibu, "Yeye hakuwa na binamu wa miaka kumi na mbili."

Mwishowe aligawanya mambo mawili. Safari ya shangazi iko kwenye faili moja, na nenosiri lake analijua yeye na shangazi pia, neno la Kifuliru ambalo mimi siwezi hata kulitamka. Mambo yake mwenyewe yako kwenye faili ya pili. Nenosiri la hiyo ni lake peke yake, hata kama litazikwa naye. Vipande vichache ambavyo anataka watu wasome anaviweka kwenye blogu ya bure, kama KANERE walivyoanza, akijua wazi kwamba hiyo ni nyumba ya kupanga.

Nakala je? Tulifanya hesabu ya bando tukaona kuna njia ya bei rahisi zaidi. Kila mwisho wa mwezi ananakili faili zote mbili kwenye kadi ya memori, anaifunga kwa karatasi ya daftari na gundi, anampa dereva wa probox anayekuja Lodwar. Dereva ananiletea pamoja na vifurushi vya watu wengine. Mimi nanakili kwenye kompyuta ya saiba na kwenye flashi inayolala kwangu, kisha kadi inarudi na gari la jioni.

Juzi dereva alichungulia ile karatasi akaniuliza ni nini hiki ambacho kila mwezi kinasafiri na hakina uzito. Nikamwambia ni makaratasi ya mwanamke mmoja. "Umeyasoma?" akauliza. Nikamwonyesha kwenye kioo, herufi na namba zimejaa kutoka juu hadi chini, hazina hata neno moja. Akatikisa kichwa, akadai shilingi hamsini zake, akaenda kutafuta abiria wa Kakuma.